Vigingi Sitini na Chumba cha Mama Kalunde

Wiki iliyopita nililetewa barua nyingine. Mwandishi wake ni mwalimu kijana, niliwahi kumfundisha, na mwandiko wake haujapona. Ananiuliza: "Mwalimu, zile namba ndogo kupita kiasi ulizokuwa ukituhangaisha nazo, zinatumika wapi hasa?" Halafu nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa kubana matumizi, amepiga hesabu ya paa la nyumba yake, na kila hatua amekata sehemu ndogo akaandika pembeni: "si kitu".

Nimeisoma, nikaiweka mezani, nikaichukua tena, nikazunguka nayo uani kama mtu anayetafuta pa kuitupa. Si kitu! Kijana wangu, na ninyi wenzake mliojazana kwenye shule za bara na chaki mkononi, kaeni niwajibu mara moja, maana nimestaafu kabla nywele hazijaisha kichwani na sitaki ziishe kwa barua zenu.

Mimi namba hizo nilizipata chuo kikuu, kwa mhadhiri mmoja mgeni aliyekuwa akivaa soksi zisizofanana. Alituambia kwamba tangu zamani watu walikuwa wakitumia idadi ndogo mno, kubwa kuliko sifuri lakini ndogo kuliko nusu, kuliko sehemu ya kumi, kuliko sehemu ya milioni, kuliko sehemu yoyote utakayoweza kuitaja. Wanahisabati waliokuja baadaye wakazionea aibu, wakazifukuza. Sasa, akasema, wamepatikana watu waliozirudisha kwa hoja safi za mantiki, na zimerudi na vyeti vyao. Ukiwa nazo, mstari uliopinda ni msururu wa vijistari vilivyonyooka, ila virefu chembe tu na vingi bila hesabu. Uwezekano na bahati nasibu ni sarafu inayorushwa mara zisizohesabika, kila mrusho ukiwa na uzito wa chembe. Soko kubwa lina wanunuzi wengi mno, kila mmoja chembe, na bado kwa pamoja wanapanga bei. Hata ramani isiyo na mwisho unaweza kuthibitisha kwamba rangi nne zinaitosha, nchi jirani zisifanane, kwa kuitazama kama kipande kimoja kikubwa mno cha ramani ya kawaida. Niliposikia hayo nilitoka darasani nikasahau kwenda kula. Ndiyo mara ya mwisho kusahau.

Kwa Kiswahili nikaziita chembe. Nilipopangiwa kufundisha Tabora, katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilifika na sanduku moja, redio mbovu, na chembe zangu. Muda si mrefu wanafunzi wakaniita Mwalimu Chembe. Nilidhani ni heshima.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Petro, Mmoravian wa kutoka Urambo, mtu wa kamba na rula. Alikuja kukaa nyuma ya darasa langu siku moja, akanisikiliza nikipaa. Nilikuwa nikiwaambia kidato cha tano: fanya hesabu yako yote, ukifika mwisho, chembe itupe. Kengele ilipolia akanisubiri mlangoni.

"Unafundisha vizuri," akasema.

"Asante, Mwalimu."

"Ila hujawaambia lini chembe haitupwi."

"Hilo liko kwenye nadharia, Mwalimu. Watalikuta."

"Watalikuta wapi?"

Nikacheka kwa adabu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa najua kila kitu. Sasa ninyi mnaonitazama kwa macho yale yale niliyomtazama nayo Mwalimu Petro, mnadhani sioni?

Basi. Shule zilikuwa zikitakiwa kusaidia vijiji, na sisi tukapewa kijiji kimoja kipya upande wa Tura, mwendo mfupi kutoka kwenye reli. Watu walikuwa wakihamia pale kutoka huku na huko, na nyumba zilitakiwa zikae kwa safu, pande mbili za barabara moja iliyonyooka, kuanzia uwanja wa mkutano hadi kwenye kisima. Kupanda vigingi vya barabara hiyo ndiyo ikawa kazi ya kidato cha tano, na kidato cha tano kilikuwa changu.

Usiku wa kuamkia safari, hapana, jioni yake, Mwalimu Petro alinijia na bunda la kamba begani. "Kila mstari una ncha mbili," akasema. "Usianze ya kwanza kabla hujasimamisha ya mwisho." Nikamwambia kamba ni nzito na njia ni ndefu. Nikaiacha stoo.

Njia yetu ilikuwa ya kitaalamu, au ndivyo nilivyoieleza. Unasimamisha vigingi viwili, hatua kumi baina yake. Unainama nyuma ya cha kwanza, unatazama. Cha tatu kinawekwa pale kinapofichwa na viwili vilivyotangulia. Cha nne kinatazamwa kutoka cha pili na cha tatu. Na kuendelea. Kati ya uwanja na kisima palikuwa na vichaka na kijimwinuko, hivyo ncha moja haikuonekana kutoka nyingine, na mimi nilisema hakuna haja. Kila kigingi kikiwa sawa na jirani zake, vyote vitakuwa sawa. Mnaona uzuri wa hoja hiyo? Nami niliuona.

Tulikuwa tunakwenda mashariki, na vigingi tulipanda asubuhi tu, kwa kuwa mchana wanafunzi walikuwa shambani na wenyeji. Jua lilikuwa linawapiga usoni. Abdallah, mtoto wa fundi viatu wa mjini Tabora, kiranja wa kikosi, ndiye aliyekuwa akiinama na kutazama. Ili kulikwepa jua alikuwa akiegemeza kichwa kushoto, na kigingi kipya kikawa kinachungulia kidogo upande huo.

"Mwalimu, kinachungulia," aliniambia siku ya kwanza.

"Kiasi gani?"

"Nusu kidole."

"Nusu kidole juu ya hatua kumi, Abdallah. Hiyo ni nini?"

Kikosi kizima kikajibu kwa furaha: "Chembe!"

"Na chembe tunaifanyaje?"

"Tunaitupa!"

Nilijisikia fahari. Wasukuma wawili waliokuwa wakifyeka mbele yetu walisimama kututazama kama tunaombea mvua.

Siku ya sita tulifika kigingi cha sitini. Kigingi cha sitini kiliangukia ndani ya nyumba ya Mama Kalunde.

Simaanishi karibu na nyumba. Mstari uliingia dirishani, ukapita juu ya kitanda, ukatokea nyuma, na ukiuendeleza hatua tano ulikuwa unapita juu ya kaburi la marehemu mume wake. Kwenye karatasi ya mpango nyumba hiyo ilikuwa safu ya kushoto, mbali na barabara, miongoni mwa chache zilizokutwa pale na kuruhusiwa kubaki. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ameyafyatua na mumewe. Lakini mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Ngassa, mtu mwembamba mwenye haraka, hakutazama karatasi. Alitazama vigingi.

"Nyumba iliyo barabarani inavunjwa," akatangaza. "Mama, una mpaka Ijumaa kutoa mlango na vyombo."

Ilikuwa Jumanne.

Hapa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema vizuri. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Karatasi ilisema hivi, vigingi vinasema vile. Lakini nilikuwa nimeshajipa jina. Mwenyekiti alikuwa ameshapeleka habari wilayani kwamba mstari umepigwa na wataalamu. Nikajiambia labda karatasi ndiyo imekosewa, imechorwa na mtu ofisini. Nikaamuru wanafunzi wapande kigingi ukutani mwa mjane, chini ya dirisha la chumba chake. Nilimtazama Abdallah akikigongelea, nikasema, "Vizuri."

Mama Kalunde alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya reli.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kwenu wapi wewe?"

"Pwani. Kisarawe."

Nikaona uso wake unabadilika. Nilitegemea matusi na badala yake nikaona furaha, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mzaramo!"

"Ndiyo, mama."

"Mtani wangu kabisa! Jamani njooni muone, Mzaramo amepiga kigingi chumbani kwangu bila kubisha hodi! Mume wangu, Mungu amrehemu, alileta posa kwanza!"

Kwa vijana msiojua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu siku za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kulala kwetu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Mtani anachukua kitu chako mchana kweupe na hudai, unakikomboa kwa sharti atakalo. Mtani anasema mbele ya watu neno ambalo mwingine akilisema ataitwa ofisini kulieleza. Katika kijiji kile, mwaka ule, hakuna mtu aliyekuwa anaweza kusimama na kusema kwamba barabara ya kijiji imepinda. Ila mimi, Mzaramo, ningeweza kuambiwa chochote.

Sikulifikiria hilo. Niliwaza tu jinsi ya kuondoka. Nilikuwa nimevua viatu kutoa mchanga, nikainuka kuvivaa, viatu havipo.

"Viatu vya Mzaramo nimevikamata," Mama Kalunde akatangaza, amevikumbatia kifuani. "Akivitaka, apande kichuguu."

Kando ya shamba lake palikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, mchwa wake wameshahama. Wanafunzi wangu walikuwa wameanza kucheka, na Abdallah, ambaye nilikuwa nimepanga kumpa zawadi ya hisabati, alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

"Mama, tuna kazi."

"Kazi gani? Babu yangu alipita hapa na mzigo kichwani, toka ziwani mpaka kwenu. Njia yao unaijua? Ileee, iko bado kule nyuma. Imepinda kama utumbo. Unajua kwa nini?"

"Walikuwa wanakwepa miti."

"Mti mmoja ulianguka mara moja, ukaoza, na njia bado inauzunguka! Imepinda kwa sababu kila mpagazi alikuwa anatazama visigino vya aliye mbele yake. Kila mmoja anajiona amenyooka. Babu yangu hakusoma. Wewe umekwenda chuo kikuu ili uje utazame visigino?"

Nikasimama pale peku. Vijana wangu, nimehudhuria mihadhara mingi maishani, na mingine niliitoa mwenyewe. Hakuna uliowahi kunipiga namna hiyo. Kigingi kinatazama viwili vilivyotangulia. Visigino. Nikaanza kuhesabu kichwani huku natembea kwenda kwenye kichuguu, nakanyaga miiba, na kila mwiba niliustahili.

Kabla sijapanda nilimtuma Abdallah kwa baiskeli na kanga ya Mama Kalunde, akaifunge juu ya mti mrefu pale kwenye kigingi cha kwanza. Mwingine nikamtuma kisimani na shuka. Nikapanda. Nikasubiri. Kanga ikapanda upande wangu wa magharibi, nyekundu, ndogo. Shuka ikainuliwa mashariki.

Kati ya vile viwili, vigingi vyangu vilikuwa vimejipanga kwa utulivu kabisa kama upinde wa kuwindia. Vya mwanzo vilikuwa vinaongozana vizuri. Vya katikati vilianza kuaga. Vya mwisho vilikuwa vimejiendea kaskazini, moja kwa moja chumbani kwa mjane. Kila kimoja kilikuwa sawa kwa jirani yake. Ningevipima viwili viwili mpaka leo nisingeona kosa.

Sasa andikeni, maana hili ndilo jibu la ile barua. Chembe mbili ukizijumlisha, ni chembe. Elfu, ni chembe. Idadi yoyote ya kawaida, inabaki chembe. Lakini ukizijumlisha nyingi bila kipimo, inaweza kutoka chochote: inaweza kubaki chembe, inaweza kuwa hatua moja, inaweza kuwa nyumba ya mtu. Eneo lote mnalolipima kwa hesabu za mkusanyo, ile intigrali yenu, linatoka hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeijua sheria hiyo kwa maandishi na alama zake zote, nimeifanyia mtihani, nimeifaulu.

Na nusu kidole changu hakikuwa kinajumlishwa mara moja tu. Kila kigingi kilirithi mwelekeo wa vilivyotangulia, kisha kikaongeza wake. Cha tatu kimekosea nusu kidole, cha nne nusu kidole mara tatu, cha tano mara sita. Moja jumlisha mbili jumlisha tatu, hadi hamsini na nane. Nilipiga hesabu kwa kijiti kwenye udongo wa kichuguu: nusu vidole elfu moja mia saba na kumi na moja. Nikazigeuza hatua: ishirini na mbili. Nikahesabu kwa macho kutoka dirishani kwa Mama Kalunde hadi pale mstari wa kweli ulipopaswa kupita. Ishirini na mbili. Ndiyo matumizi ya kwanza ya chembe niliyowahi kuyafanya yakatoka kamili, na nilikuwa peku juu ya kichuguu, nimekasirika mpaka machozi.

"Umeona?" akaita kutoka chini.

"Nimeona, mama."

"Basi shuka uende ukaseme."

"Viatu?"

"Viatu mkutanoni."

Alhamisi jioni kulikuwa na mkutano. Niliandaa maneno usiku kucha kichwani, na yote yalikuwa mazuri, na yote yalikuwa ya kujificha. Nikasimama. Mwenyekiti akanipa nafasi: "Ndugu mwalimu, eleza kwa ufupi."

"Ndugu mwenyekiti, wananchi. Katika zoezi letu pamejitokeza mkusanyiko wa tofauti ndogo ndogo za daraja la pili, ambazo kwa kawaida hupuuzwa, lakini kwa kuzingatia mwelekeo…"

"Mzaramo!" Alikuwa amekaa mbele, viatu vyangu mapajani. Akainua kimoja. "Kwa lugha ya watu!"

Uwanja ukacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema taratibu, "Ndugu mwalimu, mstari wa wataalamu umeshapelekwa wilayani. Unasema nini? Uko sawa au hauko sawa?"

Mnajua, kazi ya ualimu ina siku nyingi ambazo hakuna kinachotokea, halafu inakuja siku moja unaulizwa swali la ndiyo au hapana mbele ya darasa lako. Niliwaangalia wanafunzi. Abdallah alikuwa anatazama chini. Kosa lilikuwa la jicho lake, na angeweza kubebeshwa. Aliponiuliza kuhusu nusu kidole, mimi ndiye niliyejibu.

"Hauko sawa," nikasema. "Umepinda. Nimekosea mimi. Mwanafunzi aliniambia siku ya kwanza, nikamwambia atupe. Nyumba ya mama haiko barabarani. Barabara ndiyo imemfuata nyumbani."

Nilimwona Ndugu Ngassa akikunja karatasi yake, akikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa.

"Nitamwambia nini katibu wa wilaya?" akauliza, sauti yake imeshuka. "Nimeshasema wataalamu."

Mama Kalunde akainuka. "Mwambie Mzaramo amekosea. Nani atashangaa?"

Kilichofuata kilikuwa kicheko cha kijiji kizima, na ndani yake nilisikia, kwanza kwa mbali, cha mwenyekiti. Aliponyamaza akafuta macho, akasema vigingi ving'olewe, vipigwe upya. Viatu nikarudishiwa, ikaisha hivyo. Hakuna hoja ya mantiki iliyoiokoa nyumba ile. Iliokolewa na utani, hoja ikafuata nyuma imeshika viatu.

Ijumaa, siku iliyokuwa ya kubomoa, nilikwenda Tabora kwa treni kuchukua kamba stoo. Mwalimu Petro alikuwa mlangoni. Alinitazama miguu, akaona nachechemea kwa miiba, akafungua stoo. Akanisaidia kubeba bunda hadi stesheni. "Ncha mbili," akasema tu. Kijijini, mimi na wanafunzi tukasimamisha nguzo moja ndefu uwanjani na moja kisimani, tukasafisha vichaka mpaka zikaonana, nafasi tukazipima kwa kamba, na kila kigingi kikatazamwa kwa hizo mbili za mbali, wala si kwa jirani zake. Nusu kidole cha jua kilikuwepo bado. Lakini kila kimoja kilibaki na kosa lake, hakikumrithisha mwenzake. Ndiyo tofauti yote. Ilituchukua siku nne na wanafunzi walininunia zote.

Kigingi cha sitini nilikwenda kukitoa chini ya dirisha mwenyewe. Mama Kalunde alikataa. Alikichonga kidogo, akakifanya komeo la mlango wa chumba chake. "Ili Mzaramo mwingine asiingie," akasema.

Kwa miaka mingi nilipita pale kwa treni. Nilikuwa nikishuka Tura, natembea, nasalimia, natukanwa, naondoka na asali. Darasani sikuacha chembe, ila kila mwaka somo la kwanza liliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: KABLA HUJATUPA, ULIZA ZIKO NGAPI, NA NANI ATAZIRITHI. Ninyi mliinakili. Wewe wa barua ya paa uliinakili, nakumbuka ulikaa karibu na dirisha.

Mama Kalunde alipofariki waliniletea habari Tabora. Mtani hakai nyumbani msiba wa mtani wake. Nilifika asubuhi, nikafanya niliyotakiwa: nikawatukana wafiwa, nikamlaumu marehemu kwa kufa bila kunirudishia heshima, wakacheka huku wanalia. Kisha wachimbaji wakanisubiri, kwa kuwa alikuwa ameagiza. Kaburi lake liwe sambamba na la mume wake, nyuma ya nyumba, na mstari aupige Mzaramo.

Binti yake mkubwa akatoka ndani na kamba, na lile komeo, limeng'aa kwa mikono ya miaka yote. Wachimbaji wakanionyesha pale kichwani, mahali pa kuanzia. Nikawapita. Nikatembea hadi mwisho, upande wa miguuni, nikakisimamisha kile kigingi cha zamani pale kwanza, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikashika. Ndipo nikarudi kuanza.